Mvi za Maître

Mvi mbili tatu hivi, juu ya sikio la kushoto. Benite aliziona alipokuwa anaanika kitenge kwenye kamba, asubuhi, jua la mtaa wa Mutakura tayari linachoma shingo, na akadhani ni javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, maana mama yake anaimwaga javel kama maji. Akasugua kwa kidole. Hazikutoka. Akasogeza uso karibu. Kitenge kilikuwa kile kile cha siku zote, cha kijani, cha kampeni ya zamani, chenye uso wa mwanamume ndani ya duara, halafu duara jingine, halafu jingine, na maneno ya kuomba kura yaliyokwisha kupauka. Lakini nyuso zote za kitenge kile, zote kabisa, zilikuwa na mvi mahali pale pale.

"Mama," aliita, "hii kitenge uliifanya nini?"

Pascaline, mama yake, alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Anazeeka," alisema. "Sawa watu wote."

Benite alicheka, maana ufanye nini. Alikuwa amechoka. Assia, mtoto wake, alikuwa anaota meno na hakuna aliyelala katika nyumba ile, maji ya bomba yalikuwa yamekatika, na mume wake Massoudi, fundi wa pikipiki, alikuwa anarudi jioni mikono safi, kwa sababu mji hauna esansi na pikipiki isiyotembea haiharibiki. Mtu aliyechoka namna hiyo hana nafasi ya kuogopa mvi za kitambaa. Akakikung'uta, akakianika, na kilipokauka akambeba nacho mtoto mgongoni kama kila siku.

Yule wa kwenye kitenge watu walimwita Maître, kwa sababu alikuwa mwanasheria kabla hajagombea urais kule kwao, Kongo, wakati Benite bado mdogo wa kubebwa mabegani. Walimpiga risasi kwenye uwanja wa mpira, juu ya jukwaa, maikrofoni mkononi, kura zikiwa zimekaribia. Baada ya hapo, vita. Nyumba yao iliungua, kaka zake wawili, Cirimwami na Dieudonné, walitangulia kutafuta njia na hawakurudi, na Pascaline akavuka mpaka na binti mmoja na nguo aliyokuwa amejifunga, ndiyo hiyo ya kijani. Maiti ya Maître haikuonyeshwa kwa mtu. Za wanawe hakuziona. Kwa hiyo hakukaa matanga, si ya yule, si ya hawa, na kwao iko hivi: nguo ya marehemu ambaye matanga yake hayajamalizwa haifungwi mtoto mgongoni. Pascaline alilijua hilo tangu yeye mwenyewe anabebwa. Lakini alisema hii si nguo ya Maître, ni picha yake tu, picha haina mwenyewe. Na Assia alipozaliwa, hakukuwa na kitenge kingine kizima ndani ya nyumba.

Halafu kulikuwa na chai. Kila jioni wakati wa chai Pascaline alikuwa na maneno yake. Mkate ukipanda bei, kama Maître angekuwa muzima. Umeme ukikatika, kama Maître angekuwa muzima. Mvua ikikawia, mvua ikizidi, yeye huyo huyo. Massoudi, Mswahili wa mtaa wa Buyenzi tangu babu, alikuwa anamtania mkwe wake kwa heshima, macho chini, akimwuliza kama na mbu hawa Maître angewafukuza, na Pascaline alimjibu kwamba wakati wa Maître mbu wangekuwa na adabu. Wanacheka. Na Pascaline anaweka kikombe cha nne mezani, anamimina, anakielekeza upande kitenge kilipotundikwa, na kesho yake asubuhi anamwaga chai iliyolala. Hakuna aliyeona ubaya. Hakuna aliyejiuliza nani mwingine anayesikiliza pale, jioni kwa jioni, mwanamke anaita mtu kwa moyo wake wote na kumwekea kikombe.

Siku moja asubuhi kikombe kilikuwa kitupu. Benite alidhani Massoudi amekinywa. Massoudi alidhani Benite.

Ikaja harufu. Mbao mbichi, mbao iliyopigwa randa sasa hivi, ilikuwa inatoka nyuma ya pazia la chumba cha Pascaline, na katika mtaa ule hakuna seremala. Cirimwami alikuwa seremala. Benite hakulisema hilo, alifungua dirisha tu. Zikaja sauti, mchana, akiwa nje anafua, sauti za wanaume kule chumbani, si za ugomvi, za watu walioshiba wanaozungumza chini chini, na kicheko kimoja ambacho mwili wake ulikijua kabla ya kichwa. Akauliza. Mama yake akasema alikuwa anasali. Alisema huku anatabasamu, na Pascaline si mtu wa kutabasamu mchana.

Na mtoto akaanza kuwa mwepesi.

Hakukonda, hilo ndilo lililomchanganya Benite, mashavu yale yale, mapaja yale yale yenye mikunjo, ananyonya mpaka anasinzia, lakini mgongoni kitenge kilikuwa kinalegea. Anafunga fundo, anatembea kidogo, fundo limeshuka. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimweka Assia kwenye mizani, akatazama mshale, akatazama mtoto, akaigonga mizani kwa kiganja na kusema imeharibika. Akampima mtoto wa mama mwingine. Ilikuwa nzima. Wakatazamana, na muuguzi, ambaye naye alikuwa amechoka na foleni ilikuwa inafika barabarani, akasema arudi wiki ijayo.

Njiani kurudi alikutana na Dévote, jirani anayeuza makala, mkaa wa kupikia. Dévote huyu ndiye aliyemshika Assia siku ya kwanza, ndiye anayemkata kucha, hajawahi kumwita Benite kwa jina lake, ni Mama Assia asubuhi, Mama Assia jioni. Sasa alimtazama kwa huruma, akamvuta mkono pembeni.

"Benite sha," alisema polepole, "usikasirike. Na nyinyi mutazaa lini?"

Benite alidhani ni utani. Akageuka amwonyeshe mgongo, kichwa cha mtoto kikiwa pale, kofia nyekundu ya kufuma ambayo Dévote mwenyewe aliileta. Dévote alitazama pale pale, kwa makini, kisha akasema kitenge ni kizuri, huyu mzee mwenye miwani ni nani.

Kwenye kitenge hakukuwahi kuwa na miwani.

Alikimbia. Alifika nyumbani akakifungua, akakitupa sakafuni, akamkumbatia mtoto kifuani, na nyuso zote pale chini zilikuwa za mtu mzima wa haki, mashavu yameshuka, miwani ya waya, mvi kichwa chote, mtu aliyetawala akapumzika, na midomo ambayo zamani ilikuwa imefumbwa sasa ilikuwa wazi kidogo. Alikaa pale chini mpaka Massoudi akarudi. Massoudi alisukuma mlango, akamwona, akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. Akasema kwa adabu, kama anavyosema na wateja, "Samahani dada, nimekosea mlango."

"Massoudi."

Alisimama hivyo, mkono kwenye kitasa, jasho linamtoka kwenye paji, mpaka kitu fulani kikarudi machoni. Akaingia akaketi. Alisema ni uchovu, ametembea toka mjini kwa mguu, macho yamejaa vumbi. Lakini alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akilitaja jina lake kwa midomo bila sauti, kama mtu anayejifunza somo.

Kitenge Benite alikisukumia ndani ya gunia la mkaa nje. Kesho yake, baada ya chakula, mvua kubwa ilianguka, ile inayofanya mchana uwe giza na bati zipige kelele mpaka mtu hasikii moyo wake. Alimlaza Assia kwenye kitanda cha mama yake, chini ya neti, akatoka kuweka ndoo chini ya mchirizi, na ndoo ilipokuwa inajaa akasikia, chini ya kelele zote zile, vijiko vinagonga vikombe. Akarudi, nguo zimelowa, akafika kwenye pazia, na mkono wake haukutaka kulivuta lakini ulilivuta, na ndani kitenge kilikuwa kimetandikwa juu ya meza ndogo, kikavu, kimepigwa pasi, na mama yake ameketi kitini kama bibi harusi, uso wake umekuwa wa mwanamke wa zamani ambaye Benite hamkumbuki, na mbele yake, wameupa mlango migongo, wanaume wawili wakubwa wameketi, mmoja ana vumbi la mbao kwenye nywele, wanakunywa chai, wanakunywa tu kama watu wa nyumbani, na juu ya kitanda neti ilikuwa imening'inia vizuri na shuka limenyooka, shuka halina hata alama ya mtoto.

"Usipige kelele," Pascaline alinong'ona. "Kaka zako wanakunywa chai."

Benite aliuliza mtoto yuko wapi, au alidhani ameuliza. Sauti iliyomjibu ilitoka mezani. Ilikuwa sauti ya uwanjani, ya maikrofoni, lakini ndogo, kama imefunikwa na mto.

"Karibu, dada. Mimi sichukui kitu cha mtu. Narudisha tu."

"Na Assia?"

Kwa upole mkubwa, kama mgeni anayeuliza asiwaudhi wenye nyumba:

"Huyo nani?"

Na hapo Benite akaelewa, akiwa amesimama na maji yanamtiririka mpaka miguuni, kwamba halikuwa swali la kumtania, kwamba kitu kile kweli hakimjui Assia, kwa sababu kule kinakotoka, kule Maître alishuka jukwaani mzima, akapigiwa kura, akazeeka, hakukuwa na vita, na bila vita nyumba haikuungua, na nyumba isipoungua nani angevuka mpaka, nani angekaa Gatumba kwenye vibanda vya wakimbizi, na maji yalipopanda Gatumba nani angekuwa juu ya meza analia wakati fundi mmoja wa Buyenzi amekuja kuokoa pikipiki za wateja wake akamwokoa yeye. Yote yale, mabaya yote yale, ndiyo njia ambayo mtoto wake alipita kuja, na mama yake alikuwa anaifunga njia hiyo kila jioni kwa kikombe cha chai.

Aliitupa ile meza. Vikombe vilivunjika, na juu ya kitanda mtoto alilia, mbali, halafu karibu.

Massoudi alipoelezwa hakubisha. Alikwenda kwa mguu mpaka Buyenzi akamleta baba yake mkubwa, mzee Tajudini, ambaye mchana anauza vipuri vya pikipiki na baada ya alasiri anasomea watu. Alifika anakohoa, akaomba maji, akakaa, akavua viatu kama mtu anayejua kazi itakuwa ndefu. Alisoma mpaka sauti ikakauka. Kila alipofika mwisho wa aya, kitenge juu ya kamba kilipepea kidogo, na hakukuwa na upepo.

Akafunga msahafu. Alisema yule hakaidi, hana hata hasira. Anasema amealikwa na mwenye nyumba, amekunywa chai ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajamwambia aondoke. Majini ya mali yanatoka haraka, mzee alisema, unayatisha yanakwenda. Ya huzuni ndiyo yanayomzeesha msomaji. Uso ule si wa Maître, Maître wa watu yuko kwa Mungu wake. Hiki ni kitu kilichokuta kiti hakina mtu na jina linaitwa, kikakaa. Akamgeukia Pascaline.

"Mama, huyu mtu hujawahi kumzika. Mukalie matanga. Sema kwa mdomo wako kwamba alikufa, na useme yote yaliyofuata, moja moja, mpaka ufike kwa huyu mtoto. Usiruke hata moja."

Pascaline alikuwa ameketi chini, mikono mapajani. Alimtazama Benite, si mzee.

"Wanakujaka kila siku," alisema. "Cirimwami ananiulizaka kama nimekula. Unaniomba niwaue?"

"Mama, walikufa."

"Mi sikuwaona."

"Mi pia sikuwaona. Lakini Assia unamuona. Mubebe."

Akamweka mtoto mapajani mwa bibi yake. Pascaline alimpokea kama mtu anayepokea ndoo akidhani imejaa, kumbe haina kitu. Mikono iliruka juu. Akamshusha taratibu. Akampapasa mgongo, miguu, kofia nyekundu. Mvua ilikuwa imekatika na watu wa mtaa walikuwa wanapita nje, wanaongea mambo yao.

"Maître alikufa," alisema.

Kitenge kiliacha kupepea.

"Walimuua uwanjani, nilikuwa pale, niliona anaanguka, nikasema ameteleza. Miaka yote nikasema ameteleza. Alikufa. Wakachoma nyumba." Aliishika kofia nyekundu ya mtoto kwa vidole viwili. "Dieudonné alikufa. Alikuwa na viatu vyangu, vyake vilikatika. Cirimwami alikufa. Mukubwa wangu."

Harufu ya mbao ilijaa chumba chote mara moja, kali, ya kutoa machozi, na pazia likatoka nje polepole, likarudi, likatoka tena, juu, mahali ambapo mtu mrefu anainama ili asigonge kichwa. Hakuna mtu aliyeonekana. Lakini Pascaline alikunja miguu yake, akaisogeza upande, ili wanaotaka kupita wapite. Aliwafuata kwa macho mpaka mlangoni. Halafu akaendelea kwa sauti ya mtu anayepanda mlima, daraja la mpakani, Gatumba, vibanda, maji, meza, fundi mwenye suruali ya mafuta, na alipofika kwa jina la Assia alisema "ee Mungu wangu" na mikono ikamshuka mpaka sakafuni, kwa uzito.

Mtoto alilia kilio cha njaa, cha haki, cha meno. Massoudi akatoka nje akasimama ukutani.

Kitenge walikikunja kama anavyokunjwa mtu kwenye sanda, wakakizika nyuma ya nyumba, na wakakaa matanga ya watu watatu kwa pamoja. Dévote alileta makala na unga, akalia sana, akisema pole Mama Assia, pole Mama Assia, na hakukumbuka lolote. Jioni ya kwanza baada ya matanga Pascaline aliweka vikombe vitatu mezani. Akamimina. Akatazama mkate, ulivyokuwa mdogo, akafungua mdomo.

"Kama," alisema, na wote wakaacha kupumua.

"Kama sukari iko," akamalizia, "munipe."

Massoudi alicheka mpaka akafuta macho, na Pascaline akasema huyu mkwe hana adabu.

Ingeishia hapo. Wengi wanadhani iliishia hapo. Lakini kuna siku, si zamani, Benite alikuwa anatoka Kamenge na Assia mgongoni, sasa anambeba kwa kitenge cha maua kisicho na uso wa mtu, na hakukuwa na basi hata moja, foleni ya watu kituoni imekata tamaa imeketi chini, kwa hiyo akaanza kutembea kama mji wote unavyotembea. Mtoto alikuwa amelala, na mtoto aliyelala ni mzito mara mbili. Viatu vilikuwa vimekwisha. Mkononi alikuwa na mfuko wa viazi unaokata vidole, jua liko usoni, kiuno kinamuuma pale pale kinapouma tangu ajifungue, na hakusema kitu, naapa hakufungua mdomo, alichoka tu, na katika ule uchovu wazo likapita moyoni, dogo, la kawaida, la mama yake: kama yule mtu angekuwa muzima.

Na mgongo wake ukapumzika. Uzito ukainuka kidogo, kwa upole, kama mtu anayetembea nyuma yake ameona anavyoteseka, akaweka mkono chini ya mtoto kumsaidia kubeba.

Harufu ya mbao mbichi.

Hakugeuka. Aliacha mfuko wa viazi uanguke, akamshika mtoto kwa mikono miwili kwa nyuma, akaanza kusema kwa sauti, katikati ya watu, Maître alikufa, walimuua uwanjani, nyumba ikaungua, Dieudonné alikufa, Cirimwami alikufa, na watu walimpisha njia, mama mmoja akamwambia pole ya msiba, dada, nani amekufa, naye hakuweza kumjibu kwa sababu alikuwa amefika darajani tu na hakutaka kuruka hata moja, Gatumba, vibanda, maji, meza, na mgongoni bado mwepesi, bado, fundi, suruali ya mafuta, Mutakura, mpaka akalitaja jina na uzito ukamwangukia wote, ukampinda, na akalia kwa furaha ya kuumwa kiuno.

Nyuma yake, karibu na sikio, kwa adabu, sauti ikauliza huyo nani.

Benite akajikaza, akaanza tena mwanzo. Maître alikufa.